Nilimwambia Mama Mkwe Mbio za Magari ni Ukaguzi wa Serikali

Kabla mke wangu hajasoma haya na kuongeza chumvi yake, wacha niseme mwenyewe: makosa ni yangu. Si ya gari. Si ya betri. Si ya shetani, ingawa nilijaribu kumsingizia pia. Ni mimi!

Mimi ni mwanaume mzima, baba wa watoto watatu, kiongozi wa jumuiya ndogo kanisani, na nina duka la kuchapisha hapa mjini Migori. Fulana, mabango ya harambee, ratiba za mazishi, hizo ndizo kazi zetu. Watu wananiheshimu. Ama niseme walikuwa wananiheshimu.

Jina langu sitaji. La mke wangu nimelibadilisha, nitamwita Akoth. La mama mkwe silitaji hata nikisimamishwa mbele ya hakimu, kwa sababu kwetu Wajaluo mama mkwe si mtu wa kutajwatajwa. Hamketi karibu. Hamtaniani. Ukimwona anakuja na njia hii, wewe unatafuta ile nyingine. Mnapendana kutoka mbali.

Nawaambia hivyo mapema ili mjue uzito wa jambo nililofanya. Kwa sababu yangu mimi, mama mkwe wangu alivalishwa helmeti!

Gari lenyewe ni la Akoth. Yeye ni nesi, kazi yake iko Uriri, na kila asubuhi alikuwa anapanda boda, jioni anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akachoka. Akajinyima, akanunua gari dogo la umeme lililotumika Japani. Halinywi petroli. Halina kelele. Jioni unalichomeka ukutani kama simu, asubuhi limejaa.

Lina tabia moja tu: linaongea. Ukiwasha, sauti ya msichana inakusalimia kwa Kijapani. Ukizima, inakuaga. Ukikosea kitu, inakulalamikia, lakini kwa adabu. Hakuna mtu Migori anayejua inasema nini. Akoth akalibatiza jina Nyar Japan, yaani binti wa Japani, na kila Ijumaa analiosha kwa mkono wake kabla Sabato haijaingia. Yeye ni Msabato, mimi ni Mkatoliki. Tulielewana zamani.

Shida yangu ilianzia kwa kinyozi. Huko kuna rafiki yangu mmoja, nimwite Oti. Ana gari la zamani alilolishusha chini mpaka likipita kwenye bamp la barabarani linakwaruza tumbo. Ekzosi yake inalia kama debe lililojaa mawe. Kila nikifika pale na Nyar Japan, Oti anasimama.

"Jameni, mwenye blenda amefika!"

Watu wanacheka. Kinyozi naye anacheka, mashine iko kichwani kwa mtu.

"Buda, hebu niambie. Ukichaji hiyo gari, Akoth anapiga pasi saa ngapi?"

Nilivumilia wiki nyingi. Siku moja, sijui ni joto, sijui ni nini, nikajibu. Nikasema umeme haungoji kitu. Petroli lazima ilipuke kwanza ndiyo gari likumbuke kwenda. Umeme ukikanyaga tu, nguvu yote inakuja mara moja. Nikasema mimi nikitaka, naweza kumwacha yeye na debe lake wakihesabu miti.

Kinyozi akazima mashine.

"Basi kuja track day," Oti akasema. "Homa Bay, Jumapili. Ama unaogopa stima ya betri itapotea?"

Kwa wale wasiojua, track day ni siku ambayo watu wenye magari yao ya kawaida wanapewa uwanja uliofungwa, wanazunguka mbio vile wanaweza. Si mashindano ya kombe. Hakuna polisi, hakuna ng'ombe barabarani, kila mtu anapambana na saa yake. Vijana wa huku walikuwa wameomba uwanja mmoja wa lami nje kidogo ya mji wa Homa Bay, ambao ulijengwa uwe wa kuegesha malori na haukuwahi kufunguliwa. Wakapanga koni na tairi kuukuu, ikawa barabara yenye kona.

Mimi, mtu wa kuchapisha ratiba za mazishi, nikasema nitakuja. Yawa! Mdomo ni adui!

Sasa sikilizeni vile nilivyojichimbia. Jumapili hiyo hiyo nilikuwa na kazi nyingine, na ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa katika ndoa yangu. Mama mkwe alikuwa anakuja kwetu kwa mara ya kwanza.

Kwetu mama mkwe haingii kwa mkwewe hivi hivi. Kuna mambo ya kukamilishwa kwanza, na yangu yalichukua muda kukamilika. Sasa yalikuwa tayari. Akoth alikuwa amepaka nyumba rangi. Alikuwa amenunua vikombe vipya. Shangazi zake walikuwa wanakuja na leso za kufanana, wapange mstari langoni, waimbe. Na mimi nikapewa heshima ya kumchukua mama kutoka Lambwe kwa gari.

"Umlete kabla ya chakula cha mchana," Akoth akaniambia. "Polepole. Mama hajazoea mbio."

"Polepole kabisa," nikasema.

Nikiwa tayari nimeshajiandikisha kule uwanjani! Nilijiambia Homa Bay iko njiani. Nilijiambia nitapita tu, nizunguke mara mbili, nimnyamazishe Oti, niendelee na safari. Mtu akitaka kupotea, hata ramani inamsaidia.

Jumamosi nikaendesha mpaka Homa Bay, nikalala lojingi moja, nikapitisha waya dirishani nichaji gari. Mwenye lojingi akaja akautazama ule waya.

"Hii ni gari ama ni mgonjwa anaongezewa maji?"

Asubuhi misa nikairuka. Hilo nalo liandikeni.

Lambwe nilimkuta mama yuko tayari amesimama nje, gauni refu la kijani, kitambaa cheupe kichwani, viatu vimepakwa rangi. Kando yake kulikuwa na kikapu cha njugu, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Kibuyu amekishika mwenyewe.

"Ora," akanisalimia, yaani mkwe wangu, akiangalia mti.

"Mama, karibu," nikajibu nikiangalia tairi.

Mimi nilikuwa nimevaa suti na tai. Akaketi nyuma, upande wa kushoto, mbali kabisa na mimi. Nikawasha. Nyar Japan akasalimia.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Ni gari, Mama."

"Imesema nini?"

"Imetusalimia."

Akafikiri kidogo. "Basi iambie sisi tu wazima."

Tuliendelea vizuri. Mimi naongea na kioo cha mbele, yeye anaongea na dirisha. Akaniuliza kuhusu watoto, nikamuuliza kuhusu mahindi na nzi wa kule bondeni. Hata nikaanza kufikiri, mbona nisiachane na ujinga huu, nipite moja kwa moja mpaka Migori, nile kuku wangu kwa amani?

Ndipo simu ikalia. Oti.

"Uko wapi? Watu wamejaa huku. Nimewaambia kuna stima inakuja."

Jamani, kiburi ni ugonjwa! Nikafika pale njia inapogawanyika, mkono wangu wenyewe ukakunja kona.

"Ora," mama akasema, "njia ya Migori si ile?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ningesema, Mama, kuna mahali nataka kupita kidogo. Angesema sawa ama angesema hapana, yaishe. Lakini ulimi wangu ukatoka na kitu ambacho sijui ulikitoa wapi.

"Kuna ukaguzi, Mama."

"Ukaguzi wa nini?"

"Serikali inataka kila gari la umeme likaguliwe. Breki, tairi, kila kitu. Ni hapa karibu, hauchukui muda."

"Haya," akasema. "Sheria ni sheria."

Mimi huyo! Kiongozi wa jumuiya!

Tukafika. Spika kubwa zinapiga muziki mpaka vioo vinatetemeka. Vijana wamevua mashati. Moshi, harufu ya tairi, mahindi ya kuchoma. Magari ya rangi zote yananguruma. Oti aliponiona akapiga mluzi, kisha akamwona mama kwenye kiti cha nyuma na mluzi ukakatika.

"Buda," akaninong'oneza, "huyo ni nani?"

"Mama yake Akoth."

Akavua kofia. "Wewe ni mgonjwa?"

"Ukimwambia ni mbio nakuua. Nimemwambia ni ukaguzi."

Akaangalia uwanja, akaangalia msichana mmoja anayecheza juu ya boneti, akaniangalia mimi. Akaenda zake.

Msimamizi alikuwa dada mmoja mrefu mwenye koti la kung'aa. Alikuja kukagua gari, na hapo angalau nilimshukuru Mungu, kwa sababu alikuwa anakagua kweli. Akapiga tairi teke. Akafungua boneti, akafunga. Akasema, "Kila kitu kinachoweza kuruka kitoke nje."

Tukatoa jeki, kikapu cha njugu, mwavuli. Akachungulia ndani.

"Na huyu jogoo?"

Jogoo naye akatoka. Tukamfunga kwenye mguu wa hema la vinywaji.

"Na mama?"

Nikainama dirishani. "Mama, unaweza kupumzika pale kwenye kivuli, mimi nikamalize."

Mama akaangalia lile hema. Akaangalia vijana wenye chupa. "Pale siketi. Akoth amesema nifikishwe Migori na gari hii. Mimi sishuki."

"Na kibuyu, Mama?"

"Kibuyu hiki hakiwekwi chini mbele ya watu nisiowajua."

Nikamgeukia msimamizi, nikitegemea atakataa. Ningemkumbatia kama angekataa! Akasema abiria anaruhusiwa, mradi amefunga mkanda na amevaa helmeti. Akaenda akaleta mbili; yangu nikaivaa mwenyewe. Mimi siwezi kumgusa mama mkwe, kwa hivyo yule dada akaivalisha juu ya kitambaa cheupe, akafunga kamba chini ya kidevu. Nyekundu, yenye picha ya moto pembeni.

Nikaona uso wa mama kwenye kioo kidogo. Macho mawili yananitazama kutoka ndani ya ile helmeti.

"Serikali imekuwa kali siku hizi," akasema.

Tukawekwa kwenye mstari. Mbele yetu yuko Oti na debe lake. Mama akaangalia moshi mweusi unaotoka nyuma yake. "Hii imeanguka mtihani," akasema.

Bendera ikashuka. Nikakanyaga.

Wacha niseme ukweli wa Mungu: kwa muda mfupi sana, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika nchi hii! Gari liliruka mbele bila sauti, kama mtu amelisukuma kutoka nyuma. Shingo yangu ikarudi kwenye kiti. Tai ikapanda begani. Oti alikuwa bado anapigana na gia wakati mimi nilipompita kwenye ule mstari mfupi ulionyooka, kimya, fyuuu! Watu walipiga kelele zikasikika ndani ya helmeti.

"Nyasaye wangu!" mama akamwita Mungu huko nyuma.

"Wanapima mwendo, Mama!"

Kona ya kwanza ikaja. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba gari la umeme ni zito. Betri iko chini kama gunia la simenti. Nilikata usukani kushoto, gari likaendelea kwenda mbele, tairi zikalia kama mbuzi anayechinjwa. Tukagonga koni moja. Ikaingia chini ya bampa, ikabaki hapo, tukaikokota.

Nyar Japan akaanza kuongea. Sasa si kwa adabu.

"Inasema nini?" mama akauliza kwa nguvu.

"Inatusifu, Mama!"

Mama akaanza wimbo wa kanisani. Sauti ya kwanza. Kila kona ikifika, wimbo unapanda juu zaidi, na amekumbatia kibuyu kama mtoto mchanga. Kona kushoto, maziwa yanasema pwaa. Kona kulia, pwaa tena. Mzunguko wa kwanza ukaisha. Ningeweza kutoka hapo. Lakini watu walikuwa wananipungia mikono! Nikaenda wa pili. Harufu ya breki ikaingia ndani, chungu, kama nywele zilizoungua. Nikaenda wa tatu.

Katikati ya mzunguko wa tatu, kwenye dashibodi pakatokea picha ya kobe.

Sikutunga hiyo. Betri ikipata moto kupita kiasi na chaji ikiisha, gari linajilinda, linakuonyesha picha ya kobe. Kijapani sikijui, lakini kobe nilimwelewa. Nikakanyaga mpaka chini. Hakuna kitu. Tukawa tunatembea mwendo wa mtu anayetoka kisimani na ndoo.

Oti akatupita. Gari la njano likatupita. Pikapu moja kuukuu, yenye mlango uliofungwa kwa kamba, ikatupita, dereva wake akatupungia.

"Ora," mama akaniuliza, "mbona sasa wote wanatupita?"

"Sasa wanapima subira, Mama."

Tulivuka mstari wa mwisho tukikokota koni, watu wakipiga makofi polepole ili yalingane na sisi. Nikazima. Nyar Japan akatuaga kwa sauti iliyochoka. Nikaangalia chaji: karibu sifuri. Na Migori bado iko mbali kule, ng'ambo ya Rongo, ng'ambo ya Awendo, na shangazi wamesimama langoni.

Jasho lililonitoka pale halikuwa la joto.

Nikakimbilia jenereta ya wale watu wa muziki. Nikachomeka gari. Mnaona aibu hiyo? Gari la umeme, lililojigamba halinywi petroli, linanyonya petroli kwenye jenereta mbele ya watu waliolipa kuliona! Muda si mrefu jenereta ikakohoa, spika zikakatika, uwanja mzima ukageuka kunitazama. Mwenye muziki akaja akang'oa waya wangu akautupa.

Akoth akapiga simu. "Mmefika wapi? Chakula kinapoa."

Na mimi, badala ya kukiri, nikaulisha ule uongo ukanenepa. "Tumesimamishwa, mpenzi. Kuna ukaguzi wa magari ya umeme."

"Ukaguzi wa nani?"

"Mtandao unasumbua," nikasema, nikakata.

Mwishowe Oti ndiye alinihurumia. Akanitafutia kanta, lori dogo la mtu mmoja aliyekuwa anapeleka omena, dagaa wa ziwani, Migori. Vijana wakamsukuma Nyar Japan kwa mbao mpaka juu, katikati ya magunia. Dereva akamwambia mama aketi mbele kwenye kabini. Mama akapanda. Na mimi? Kabini ni ndogo, mtu wa tatu lazima aegemee mwenzake. Niegemee mama mkwe kutoka Homa Bay mpaka Migori? Ardhi ingepasuka! Nikapanda nyuma, nikaingia ndani ya gari, nikaketi kwenye kiti cha dereva, suti na tai, nimeshika usukani wa gari ambalo halikuwa linaenda popote peke yake.

Rongo watu walisimama barabarani kuniangalia. Awendo kuna aliyeuliza kama nauzwa pamoja na gari. Omena inanuka, jua linachoma, na upepo ukija unaniletea magamba usoni. Nilijaribu kujificha chini ya usukani lakini magoti hayakukubali.

Langoni kwetu jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Shangazi walipoona kanta inakuja hawakuelewa. Wakasimama tu na leso zao. Mlango wa kabini ukafunguka, mama akashuka na kibuyu chake, wakapiga vigelegele. Kisha wakainua macho. Wakaniona mimi huko juu, nyuma ya usukani, katikati ya omena. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

Akoth akaniangalia. Akaangalia tairi za mbele, zimelika pembeni. Akainama akaona koni chini ya bampa. Akanyooka, akampokea mama yake. Afadhali angepiga kelele.

Tukaingia ndani. Chakula kilikuwa kimepashwa moto mara ngapi sijui. Shangazi mkubwa akasema kwanza mgeni amimine maziwa aliyoyaleta. Kibuyu kikafunguliwa. Shangazi akainamisha, yakatoka maji meupe, halafu pwoo, likatoka donge la siagi kubwa kama ngumi.

"Maziwa haya yametikiswa," shangazi akasema. "Nani ameyatikisa?"

"Ni ukaguzi," mama akajibu.

Akaeleza yote. Kwa utulivu, neno kwa neno. Jinsi serikali inavyokagua magari ya umeme siku hizi. Jinsi wanavyopima mwendo, kisha subira. Helmeti yenye moto. Shangazi wote wakawa wananiangalia, na mimi nikawa naangalia kikombe kipya.

"Mama," Akoth akauliza, sauti laini kabisa, "hao wakaguzi walikuwa wamevaa nini?"

"Wengine hawakuwa wamevaa shati."

Hapo mlango ukabishwa. Nani? Oti! Ameshika jogoo mwekundu kwapani. Mimi nilikuwa nimemsahau jogoo kule kwenye hema!

"Buda, uliacha kuku yako kule kwa mbio!" akasema kwa sauti kubwa, kabla hajaona nyumba imejaa nani. "Na watu wanakuuliza, mzunguko wa kwanza ulikuwa moto kabisa! Wanataka ujiandikishe tena..."

Akaona shangazi. Akaona Akoth. Akamweka jogoo chini kwa upole, kama mtu anayeweka bomu, akarudi kinyumenyume mpaka nje.

Sitaeleza yaliyofuata usiku huo. Niseme tu kwamba Jumatatu mvua ilinyesha, na mke wangu alienda kazini Uriri kwa boda, chini ya mwavuli uliovunjika, kwa sababu gari lake mwenyewe lilikuwa gereji linatolewa koni tumboni. Nilisimama dirishani nikamwona anapanda. Hakugeuka. Hapo kicheko chote kilinitoka. Nilikuwa nimechukua kitu alichojitafutia kwa jasho lake, nikakifanya kifimbo cha kugombana na mtu wa kwa kinyozi. Na siku aliyoingojea tangu tuoane, siku ya mama yake, nikaipeleka kwenye koni.

Wiki iliyofuata vijana fulani wakaja dukani kuagiza fulana. Picha: gari juu ya kanta, mtu na tai ndani. Chini imeandikwa UKAGUZI. Niliwaambia mashine imeharibika. Wakasema watangoja. Nilizichapisha mwenyewe, kwa mikono yangu. Rangi ilitoka safi sana.

Mama alikaa kwetu siku zake zote kwa heshima, akala, akabariki nyumba, na hakunitaja. Aliporudi Lambwe nikaona siwezi kuendelea hivi. Nikanunua mbuzi, nikamchukua shemeji yangu mkubwa awe shahidi, tukaenda. Nikasimama uani, mbali kama desturi inavyotaka, nikazungumza nikiangalia chini.

"Mama, nilikudanganya. Haukuwa ukaguzi. Yalikuwa mbio. Nilitaka watu wanione. Nisamehe."

Alikuwa anapepeta njugu. Hakusimamisha ungo.

"Ora," akasema, "ni serikali gani umewahi kuona ikifanya kazi Jumapili?"

Nikainua macho bila kukusudia. Alikuwa anaangalia njugu.

"Nilijua tangu ulipokunja kona kule barabarani," akasema. "Nilikungoja uniambie. Tulipokuwa tunavaa helmeti nilikungoja. Tulipopitwa nilikungoja. Hata pale mezani, nilipokuwa naeleza, nilikuachia nafasi kila nilipovuta pumzi. Ungesema, ningecheka na wewe."

Nikavuta kamba ya mbuzi karibu.

"Mbio hazikuniudhi. Mimi ni mtu mzima, nimepanda mitumbwi yenye mawimbi kuliko hiyo gari. Kilichoniudhi ni kwamba uliniona mjinga. Mfunge mbuzi pale."

Nikamfunga.

Akoth alinisamehe polepole, kwa mafungu. Sasa naruhusiwa kuosha gari. Kuendesha bado. Asubuhi ananipigia honi akiondoka, mimi niko kwenye baiskeli naenda dukani, na siku nyingine anapunguza mwendo, tunaenda sambamba mpaka kwenye mzunguko wa barabara. Naihesabu hiyo kuwa ni mapenzi.

Ndugu zangu wenye magari, nawaomba. Gari la kupeleka watoto shule liacheni lipeleke watoto shule. Likijua kupanda mlima wa Uriri na kurudi, limefanya kazi yake. Mtu akiliita blenda, mwambie asante, tunakunywa juisi. Ikiwa lazima uende kuzunguka koni, nenda na gari lako, siku yako, na uongo wote uutoe nje kabla ya bendera kushuka.

Na ukishindwa na hayo yote, basi hili moja lishike: usimdanganye mama mkwe. Huyo mama alikuchunguza muda mrefu kabla hujaingia kwake. Alijua kabisa wewe ni mtu wa aina gani, na bado akakupa binti yake.